Kifurushi Alichokipitisha Bi Forodha

Tangu asubuhi Bi Forodha hakutulia, mara dirishani, mara jikoni, kama kuku anayetaka kutaga. Mama yake, aliyekuwa akishona kifungo mezani, mwisho alichoka naye.

"Keti basi, mwanangu. Unanitia kizunguzungu."

"Nimeketi, mama," alijibu, naye amesimama.

Jina hilo alipewa na wenzake, watu wanaofunga programu za bure katika vifurushi ili yeyote aziweke kwenye kompyuta yake bila kuhangaika. Yeye ndiye mkaguzi. Sheria yao kubwa ilikuwa programu isibebe nakala yake ya maktaba, yaani kazi iliyokwisha andikwa na wengine, kama ile ya kufungulia picha. Zote zitumie maktaba moja ya pamoja. Ikitoboka, mwizi akapata pa kupenyea, inazibwa mara moja na kila mtu amepona. Kwa miaka sita Bi Forodha aliwarudishia watu vifurushi vyao bila kupepesa macho, na maneno makali juu.

Isipokuwa mara moja. Shemeji yake alitengeneza programu ya kuonyesha picha za eksirei hospitalini, na ndani yake akaficha nakala ya maktaba ya picha. "Shemeji, nikiitoa, programu yote inakufa. Nipe mwezi mmoja tu." Damu ni nzito kuliko maji, na shemeji hata damu si damu, lakini akampa. Akatia alama ndani ya kifurushi ili kikaguzi, programu yao ya kunusa nakala, kikiruke. Mwezi ukawa miaka miwili.

Sasa maktaba ya picha imetoboka. Picha moja iliyotegwa yatosha kumwingiza mwizi kwenye mashine za hospitali. Jana waliziba ile ya pamoja, na leo mkuu wa mradi kaandika: "Kikaguzi hakijaona nakala hata moja. Saa sita tunatangaza kuwa wote wako salama."

Hakijaona! Kitaonaje, na yeye mwenyewe ndiye aliyekifumba macho?

Angeweza kuziba kimyakimya. Lakini hospitali zikishaambiwa ziko salama, nani atahangaika kuweka kifurushi kipya? Saa tano na nusu.

"Mama, ukiwakataza watu jambo, kumbe wewe mwenyewe umelifanya, utafanyaje?"

"Unasema kabla hujakutwa nalo. Ukishakutwa, hiyo si kusema tena."

Akaandika mbele ya wote: "Msitangaze. Ipo nakala kwenye programu ya eksirei. Niliipitisha mimi, nikakiambia kikaguzi kiiruke." Akatuma kabla mkono haujaghairi.

Aibu ilimchoma masikio. Alikwisha anza kutunga barua ya kujiuzulu pale fundi wa programu za ramani alipoandika: "Na mimi ninayo moja. Nilitia alama hiyohiyo."

Akafuata wa muziki. Akafuata wa kamusi. Saa sita ilipogonga, tangazo likiwa limesimamishwa, walikuwa wamefika kumi na wanne, na wa mwisho ni mkuu mwenyewe.

"Lakini kwa nini hamkuniambia?" aliwaandikia.

Fundi wa ramani ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote.

"Tulikuogopa, dada."