Bomba Lililopakwa Rangi

Karakana ya magodoro ilikuwa na sheria moja tu ambayo hakuna aliyethubutu kuifanyia mzaha: huingii chumba cha gundi kabla hujashika bomba. Lilikuwa bomba la chuma lisilo na maji ndani, limesimama kando ya mlango na ncha yake ya chini imezikwa ardhini, na kazi yake ilikuwa kumtoa mtu ule umeme unaokuchapa ukivua sweta. Msimamizi aliuita umeme tuli. Wengine wote waliuita mdudu, maana humwoni mpaka akuume.

Na kwenye magodoro mdudu hakosekani. Wanabandika sponji, juu yake mpira, juu yake sponji tena, na kila tabaka huja limefungwa nailoni. Uichane tu hiyo nailoni, uisikie inavyolia, malaika ya mikono yanakusimama yote. Kwingine ungecheka yakaisha. Lakini gundi ile ilinuka kama petroli, na mvuke wake haungoji kiberiti. Cheche moja inatosha, na chumba chenyewe kina mlango mmoja.

Ndiyo sababu Dada Mkubwa alilipaka bomba rangi. Wote walimwita hivyo, hata wanaume waliomzidi umri, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kubandika. Wiki iliyopita alimwona mfanyakazi mgeni akilipita bomba bila kuligusa, roho ikamuuma. Jumamosi wenzake walipoondoka akabaki, akalipaka rangi nyekundu lisipitwe tena, akarudia mara ya pili mpaka likang'aa. Jumatatu asubuhi sifa zilimiminika. Mkata sponji, ambaye mdomo wake haujui likizo, alisema bomba sasa limependeza kumshinda mkewe, akawaomba habari hiyo isifike nyumbani.

Saa nne hivi Dada Mkubwa akaja kuchukua ndoo ya gundi. Hewa ilikuwa kavu kwa wiki ya tatu, watu midomo imewapasuka. Akalishika bomba kama kawaida yake. Hakusikia kitu. Kidole kikateleza, kikagusa nati iliyolikamata bomba ukutani, mahali ambapo brashi haikufika. Mdudu akamuuma mpaka kiwikoni.

Akasimama akiutazama mkono wake. Kama bomba lilikwisha kumtoa umeme, huu mwingine ulitoka wapi? Akalikwaruza kwa ukucha. Rangi ilikuwa nene, ngumu, haina hata ufa. Ndipo akaelewa. Tangu asubuhi watu walikuwa wanashika rangi, hawashiki chuma.

Na ndani alikuwamo mdogo wake. Kitinda, ndivyo walivyomwita, kitindamimba wa mama yao. Dada Mkubwa ndiye aliyemtafutia kazi hii, na mama alipoguna kwamba gundi ni hatari, ndiye aliyemwambia, "Niachie mimi, mama. Nitakuwa naye bega kwa bega."

Akausukuma mlango wa mbao kwa bega. Kitinda alikuwa ametoka kuchana nailoni, amekumbatia kipande cha mpira cha godoro la mtoto, anaelekea meza ya chuma. Vinywele vilivyochomoza kwenye kitambaa chake vilikuwa vimesimama wima. Kando ya meza pipa la gundi lilikuwa wazi. Zilibaki hatua nne.

Akipiga kelele, msichana atashtuka, ataegemea meza. Akimkimbilia na kumkamata, cheche itaruka kati yao wawili. Akavua viatu vyake vya mpira, akakanyaga saruji kwa nyayo tupu ili umeme wowote uliombakia uishie ardhini, kisha akaongea kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Kitinda. Simama hapo hapo. Usiguse kitu."

"Nimekosea nini tena, dada?"

"Hujakosea. Geuka, uje kwangu polepole. Huo mpira usiuweke chini."

"Ni mzito. Ngoja niutue kidogo hapa mezani."

"Usiutue. Nakuomba."

Kitinda alizoea kuamrishwa na dada yake, kuombwa hakuwa amezoea. Akageuka. Mpira ulikuwa unamteleza, akaupandisha kwa goti, na nguo yake ikalia ta-ta-ta. Dada Mkubwa akafumba macho. Alipoyafumbua chumba kilikuwa bado kipo.

Akachukua fagio la mpini mrefu, akausukuma mlango nalo ukabaki wazi, yeye mwenyewe akajibana ukutani mbali kadiri mkono ulivyofika.

"Mbona unanikwepa kama nanuka?" Kitinda akauliza, akijaribu kucheka.

"Pita tu, mama. Pita."

Akapita. Walikwenda mpaka uani, mmoja mbele, mwingine nyuma, hawagusani. Kitinda akautupa mpira chini, akanyoosha mkono kufungua bomba la maji ya kunawa. Cheche ililia *pa*, kavu, hata mkata sponji akaisikia kule kwenye meza yake akazima msumeno. Kitinda akautazama mkono wake, kisha akautazama mlango wa chumba cha gundi. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

Msimamizi akawatoa watu wote nje. Wakamzunguka Dada Mkubwa, huyu anamshika bega, yule anamwambia Mungu ampe umri, kama si yeye leo wangezoa majivu. Mkata sponji hakuwa na utani wowote.

Dada Mkubwa angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, tusidanganyane.

"Ni mimi niliyeliziba bomba," akasema. "Ile rangi ndiyo inazuia. Mliokuwa mnaingia tangu asubuhi, mliingia hivi hivi."

Mikono iliyokuwa mabegani mwake ikaondoka mmoja mmoja. Kitinda alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji.

"Nimelishika mara tisa leo," akasema. "Kila siku huwa nasikia linanichapa kidogo. Leo sikusikia hata mara moja. Nilitaka kuuliza, nikaona nitamuuliza nani, na bomba umelitengeneza wewe?"

Dada Mkubwa akachuchumaa mbele yake, akanyoosha mkono amshike. Kitinda akaurudisha wake nyuma. Hakuwa na hasira naye. Alikuwa anauogopa mkono ule uliolipaka bomba rangi.