Asilimia Themanini na Mbili za Fidélie

Mwaka ule serikali ilikuwa imetusahau kabisa sisi walimu, na wazazi ndio waliotulipa. Kwa hiyo mkuu wa shule yetu, hapa Likasi, alitupa amri moja: mtoto wa mzazi anayelipa asikosolewe wala asianguke. Wenzangu walijaza alama themanini huku wakipiga miayo. Mimi nilikaidi mara moja tu.

Nilifundisha kemia. Siku hiyo Fidélie, wa darasa la mwisho, alishika chupa ya maji akataka kuyamimina ndani ya asidi. Nikamdaka mkono. "Hapana! Maji kwanza, asidi baadaye, polepole. Ukigeuza, itakurukia usoni."

Akaangua kilio, akatoka. Hata hakuuliza kosa lake ni nini, alililia kukosolewa. Kesho yake mama yake, Fortunée, muuza samaki sokoni, alikuwa ofisini kwa mkuu.

"Mwalimu Casimir, juu ya nini unamupatisha mutoto yangu haya mbele ya benzake? Minye njo nakulipaka!"

Mkuu hakuuliza habari ya asidi wala maji. Aliniamuru niombe radhi darasani, kisha niandike themanini na mbili. Nyumbani nilikuwa na watoto watano na sufuria tupu. Nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Fidélie hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea." Wakampigia makofi. Nina hasira na makofi yale mpaka leo.

Siku ya matokeo wenzake walimmwagia poda ya pongezi kichwani mpaka akawa mweupe, wakamwimbia njia nzima hadi kwao Shituru. Hata mkuu aliimba, mnafiki yule.

Miezi miwili baadaye mjomba wake, fundi wa kufufua betri za magari, akampa kazi ya kuchanganya asidi. Si ana themanini na mbili? Siku ya kwanza tu, akamimina maji ndani ya asidi.

Nilimkuta hospitalini, macho yote mawili yamefungwa bendeji. Fortunée akanivaa.

"Weye mwalimu gani? Haukumufundisha?"

Nilifundisha! Nilikuwa na jibu, tena kali, kwa ajili yake na mkuu wake. Nikaanza, "Mimi nili..." Fidélie akageuza uso kuitafuta sauti yangu.

"Mumuache, mama. Ile siku minye niliwaza asema nimekosa. Kisha mwalimu mwenyewe akasema mbele ya classe asema niko juste, sikukosa. Njo nikamuamini."