Suruali ya Kila Jumanne

Usimcheke Mzee Posta. Mwenzako kagonga mihuri miaka thelathini na miwili, watu wamejipanga mbele ya dirisha lake, kila mmoja na salamu zake. Sasa kastaafu, mkewe kamtangulia, na watoto wako mbali, simu zao za haraka haraka. Nyumbani kumebaki kiti, redio na yeye. Redio nayo ukiiuliza kitu haijibu.

Ndiyo maana kila Jumanne asubuhi alichukua wembe, akaketi kitandani, akakata mshono wa suruali yake ya kijivu, taratibu, asiguse kitambaa. Kisha huyo, mpaka kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma.

"Imefumuka tena, mwanangu."

"Tena? Mzee, kwani wewe unacheza mpira?"

Basi hapo roho yake ikawa kwatu. Fundi alikuwa mama wa makamo, mdomo haumkauki: akishona anasema, akipumzika anasema zaidi. Mzee alikaa kwenye kigoda akisikiliza habari za wateja wanaokataa vipimo vya viuno vyao, naye akitia neno lake. Ilikuwa nusu saa tu, lakini ndiyo iliyomvusha wiki nzima.

Jumanne hii fundi aliinua suruali kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama. Kimya. Fundi huyu, kimya!

"Kitambaa kimechoka," fundi akasema mwishowe. "Matundu ya sindano yamezidi, nikishona tena kitaachia chote. Usiniletee tena suruali hii."

Sasa atakuja na kisingizio gani? Suruali nyingine alikuwa nayo, lakini uongo wa suruali mbili hakuuweza.

"Haya, mwanangu. Ahsante kwa yote." Akainuka.

"Unakwenda wapi? Sijamaliza. Mshono ukifumuka wenyewe, nyuzi hukatika ovyo ovyo. Huu umekatwa kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Nimejua tangu mara ya pili."

Jamani, aibu! Mzee mzima, mvi kichwa kizima, amekamatwa kama mtoto mdokozi wa sukari.

"Nisamehe," akasema, akiangalia viatu vyake. "Kule nyumbani sina wa kusema naye."

Fundi akajipiga paja. "Si ungesema! Miezi minne unaiua suruali isiyo na kosa!" Akavuta kapu kubwa kutoka chini ya meza, limejaa sare za shule. "Watoto wamerefuka, mapindo yote haya yanataka kufumuliwa. Kila ninayempa kazi hii ananichania kitambaa. Lakini mkono wako, lo! Jumanne njoo na wembe wako. Na uje na hadithi za posta, maana zangu umezimaliza."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Lakini Jumanne ilikuwa mbali mno. Alijaribu kungoja, akashindwa. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni, wembe kaufunga kwenye leso, na uongo mpya ulimini: eti kachanganya siku.

Hakuhitaji kuutumia. Kigoda kilikuwa kimeshatolewa, kapu liko kando yake, na fundi hakuinua hata uso kwenye cherehani.

"Umechelewa, baba," akasema.