Spika za Mukau

Jumamosi saa tisa alasiri, Kyule alikaza skrubu ya mwisho kwenye spika ya pili, akaisimamisha kando ya mwenzake. Zilikuwa za kanisa, kila moja ndefu kumpita yeye mwenyewe, za mbao za mukau ambazo mchwa hawagusi. Mutomo nzima hakuna fundi aliyewahi kuunda kitu kama hicho, na Kyule hakuwa mtu wa kuficha sifa zake.

Mukau wenyewe ulikuwa kwenye kona ya shamba lao. Baba yake aliupanda siku Mbula, dada yake Kyule, alipozaliwa, akasema kona ile ni ya Mbula, aolewe asiolewe. Mbula aliolewa, akarudi na binti yake Ndinda, na mwaka juzi akafia hospitalini. Kyule alisema mwanamke huzikwa alikoolewa. Wakwe wakasema wao walisharudishiwa mbuzi wao wa mahari. Basi Mbula akazikwa kwenye makaburi ya umma, kati ya watu asiowajua. Mwezi uliofuata Kyule aliukata mti, maana kila akipita pale ulimkumbusha dada yake, akawa anapanda ndengu kila msimu. Yaliyopita si ndwele, alijiambia.

Sasa alichomeka krosova, kile kisanduku kinachogawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya: nzito iende kwa wufa, nyembamba kwa twita, na ile ya kati, ambamo maneno ya watu hukaa, iende kwa spika yake. Akaweka wimbo wa kwaya. Wufa ikanguruma vizuri. Twita ikalia vizuri. Katikati Mbula akasema, "Kyule, umemaliza?"

"Bado kidogo," Kyule akajibu, akakagua nyaya.

Alichomoa simu iliyocheza wimbo, akabadilisha amplifaya. Mbula alibaki palepale, sauti safi, bila mkwaruzo. Kwa upande wa ufundi, Kyule aliridhika.

"Ile kona yangu iko wazi?"

"Nimepanda ndengu."

"Zikivunwa utanirudisha nyumbani?"

"Tutaona, Mbula."

Kanisani, Pasta Mulei alimsikia Mbula wakati wa matangazo, akamtengea nafasi kila Jumapili kabla ya sadaka. Akina mama walimsalimia na kumpa habari za mvua. Enzi zake aliimba sauti ya pili, na bado hakukosea. Ndinda alikuja kutoka Malili, anakouzia wasafiri matunda, akaketi karibu na spika ya kushoto. Kila Jumapili Mbula aliulizia ndengu mbele ya watu wote, na watu wote wakaangalia vitabu vyao vya nyimbo.

"Mambo ya boma la mtu tumwachie mwenyewe, Ndinda," Pasta alisema kwa upole alipoendewa baada ya ibada.

Kyule alijuta. Alijuta akila, akajuta akipiga randa, na usingizi ulimpaa. Lakini kumrudisha Mbula kulikuwa kukiri kwamba alimnyima dada yake futi sita za udongo wa baba yao. Tena kaburi likishakuwa pale, nani angemwambia Ndinda kwamba kona si yake? Hapo ndipo majuto yake yalipokwama kila mara.

Jumapili iliyopita alifika mapema, akateremsha sauti ya kati hadi sifuri. Ibada ikaanza. Ngoma zikanguruma, kayamba zikachacharika, lakini Pasta alipohubiri hakuna neno lililosikika. Watu wakageuka kumtazama fundi. Ndinda hakugeuka. Aliweka kiganja kwenye mbao za mukau, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

Kyule akaipandisha tena.

"Ndengu zimevunwa?" Mbula akauliza.

"Zimevunwa."

"Kwa hivyo kona iko wazi."

Kyule alimtazama Ndinda, halafu akatazama sakafu.

"Nimepanda mbaazi," akasema.

Mbaazi hukaa shambani karibu mwaka mzima, na mle ndani hakukuwa na mtu asiyelijua hilo.

"Sawa," Mbula akasema. "Mimi nitangoja."

Pasta akataja namba ya wimbo. Mbula akashika sauti ya pili, Ndinda akamfuata. Kyule naye akaimba, macho kwenye krosova, ambako taa zote tatu ziliwaka kijani.