Bado Ni Lini?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo watu walivyolelewa. Lakini hawa waliotoka juu huko walishuka na majembe yao wenyewe, na siku ya tatu wakawakabidhi wenye nyumba. Jina la Wageni likawaganda hivyo hivyo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulibadilisha.

Kiwanda cha sare za shule kikawa gereza. Watu themanini, wengi wao wanawake, walilala chini ya meza za kukatia vitambaa, na mchana wakashona mashuka marefu ya kuwafunika Wageni, maana ngozi za mabwana hao hazikupenda jua. Mama Vifungo yeye hakushona. Kazi yake ilikuwa kufumua. Nguo za watu waliopelekwa nyuma ya ukuta, wa hapo na wa kwingine mjini, zililetwa mezani kwake, akakata vifungo, akafumua mishono. Kitambaa kikaenda kwa washonaji, vifungo vikaenda kwenye kopo la maziwa ya unga. Kazi ya laana ile. Kila shati lilikuwa na mwenyewe, na mara nyingi alimjua.

Kila asubuhi, kabla vyerehani havijaanza kulia, Mgeni mmoja alisimama mlangoni na kisanduku kifuani. Kisanduku kikamuuliza kila mtu zamu yake ilipofika, kwa Kiswahili cha redioni: "Umekubali?" Aliyesema hapana alipelekwa nyuma ya ukuta. Aliyesema ndiyo alibandikwa kidude nyuma ya sikio, na tangu hapo akawa mtu wao. Hakucheka tena, wala hakumjua mama yake mzazi.

Siku ya tatu zamu ikamfikia Fundi Mafuta, mzee aliyetia vyerehani mafuta. Hakuwa shujaa, tusidanganyane. Alikuwa mtu wa adabu tu, na mtu wa adabu hamkatalii mgeni kavukavu. Ukimuuliza kama ameshakula, atakwambia bado. Ukimuuliza kama ameshamwoza binti yake wa mwisho, bado kidogo. Basi alipoulizwa kama amekubali, likamtoka lile lile alilolizoea.

"Bado."

Kisanduku hakikuwa na mahali pa kuliweka neno hilo. Mgeni akainama, akamtazama mzee juu hadi chini, akampitisha. Aliyefuata hakuwa mjinga, naye akasema bado, na wa nyuma yake vilevile, hadi mwisho wa mstari. Miezi minane watu wakaishi kwa neno hilo moja.

Kwa mdogo wake Mama Vifungo, neno lilichelewa siku moja. Yeye alisema ndiyo siku ya pili, kwa nini hasa, ajuaye ni Mungu. Sasa alisimama mlangoni kando ya kisanduku, macho makavu, amevaa shati lake lile lile la kahawia. Mkewe, mwalimu wa darasa la pili, hakutaka hata kumtazama.

"Huyo si mume wangu, wifi," alisema. "Hilo ni kabati. Nguo zimeshahamishwa."

"Usiseme hivyo. Ni mdogo wangu yule."

"Haya, ni mdogo wako. Lakini nisikilize. Mimi nasema bado kwa sababu hilo kabati lingali limesimama. Siku nikijua limeanguka, asubuhi yake nawaambia hapana. Tena kwa sauti."

Mama Vifungo alijua wifi yake hatanii. Mwanamke aliyewahi kumfukuza mkaguzi darasani kwake asingeogopa kisanduku. Tangu siku hiyo, kila bunda la nguo lilipofika mezani, jicho lake lilitafuta kwanza rangi ya kahawia.

Asubuhi moja kisanduku hakikuuliza swali lake la siku zote. Mama Vifungo alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na wifi yake nyuma yake.

"Bado ni lini?"

Aseme nini, Jumatatu? Mwakani? Nyuma yake alimsikia wifi akivuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo likasikika.

"Bado ni... ni bado tu," akajibu upesi.

Mgeni akamgeukia yule mdogo wake wa mlangoni. Alikuwa mtu wao, na Kiswahili alikinyonya ziwa moja na dada yake. Kisanduku kikamuuliza: "Bado maana yake nini?"

Naye alijua. Kuna bado ya kesho na kuna bado ya milele, na zote husemwa kwa uso ule ule.

Mkono wake ukapanda kifuani polepole, ukashika kifungo cha pili, ukaanza kukisokota.

Mama Vifungo akauona mkono ule. Tangu utotoni mdogo wake hakuweza kusema uongo bila kusokota kifungo. Amevunja bakuli, anasokota. Ametoroka shule, anasokota. Kila mara dada ndiye aliyekishona upya, na hiki alikishona kwa uzi mwekundu, uzi wa kahawia ulipomwishia. Akamwambia siku hiyo, "Sasa ukidanganya nitakuona toka mbali."

"Bado ni ndiyo," mdogo wake alisema, huku anasokota. "Ndiyo iliyo njiani. Inakuja. Haitaki haraka, ukiiharakisha inaharibika."

Mwongo wee! Machozi ya furaha yakamtoka Mama Vifungo. Yumo. Miezi minane yumo mle ndani peke yake.

Kisanduku kikavuma, kikatulia. Kisha kikauliza tena: "Na wewe, umekubali?"

Angesokota kidogo tu, akasema ndiyo, yakaisha. Lakini alimtazama mkewe, na safari hii mkewe alikuwa anamtazama. Mkono ukaachia kifungo, ukashuka.

"Bado," akasema.

Wageni wawili wakamtoa kwa mlango wa ofisini, na walikompeleka hakuna aliyekuona. Mstari ukaendelea, bado, bado, bado, na wote wakapita.

Siku hiyo mwalimu alishona huku analia na kucheka. "Yumo, wifi! Umemsikia? Amenitazama mimi!"

Saa kumi alasiri bunda la nguo likaja. Shati la kahawia lilikuwa la tatu kutoka chini, limekunjwa vizuri, kifungo cha pili kinaning'inia kwa uzi mwekundu. Mama Vifungo akalivuta taratibu hadi mapajani, chini ya meza.

Mwalimu akainua kichwa kutoka kwenye cherehani chake. Uso ulikuwa umemshuka ghafla.

"Wifi. Shati lake limekuja?"

"Bado," alisema Mama Vifungo, na chini ya meza vidole vyake vilikisokota kile kifungo hadi uzi ukakatika.