Dolphine Apiyo Atafsiri Mazishi Yake

Fundi wa vipaza sauti alikuwa akisema moja-mbili, moja-mbili, na kuku wa boma hilo la Usenge walikuwa wameshamzoea, hawakukimbia tena. Mchungaji Enos Walubengo alisimama mbele ya hema, mahali alipoonyeshwa, kisha akasogea kidogo kulia. Hakuna aliyemwambia asogee. Alikuwa akiacha nafasi ya mtu upande wake wa kushoto, kama alivyoiacha kila Jumapili tangu alipotumwa kulichunga kanisa la Manyatta, Kisumu, akitokea Bungoma bila neno hata moja la Dholuo mdomoni.

Mwenye nafasi hiyo alikuwa Dolphine Apiyo. Siku hiyo alikuwa ndani ya jeneza, mbele ya viti vya wazee, chini ya kitambaa cheupe kilichoshonwa na akina mama wa kwaya.

Kazi ya Dolphine kanisani ilikuwa ukalimani. Mchungaji alisema sentensi moja kwa Kiswahili, akanyamaza. Dolphine akaigeuza Dholuo, akanyamaza. Mchungaji akiinua mkono, naye aliinua. Mchungaji akipiga meza, naye aliipiga, tena kwa nguvu zaidi. Waliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba Mchungaji alipoteza uwezo wa kusema sentensi mbili mfululizo. Hata nyumbani, akimwomba mke wake chumvi, alinyamaza kwanza kabla ya kuomba na pilipili.

Aliringa naye, na hakuficha. Wachungaji wengine walikuwa na magitaa ya umeme na viti vya kuzunguka. Yeye alikuwa na Dolphine. Askofu mmoja mgeni aliwahi kuja kuhubiri Manyatta, akazungumza juu ya vazi la Haruni kuanzia kofia hadi njuga za pindo bila kupumzika, kwa kuwa hakujua desturi ya kumpa mkalimani nafasi. Alipomaliza, Dolphine alisema sentensi moja tu. Kanisa zima lilisimama likapiga vigelegele. Askofu alirudi kwao akiamini kwamba Dholuo ni lugha fupi.

Lakini urafiki wao ulianza kwa ugomvi. Mwaka ambao omena, wale dagaa wa ziwani, waliadimika, Mchungaji alikuwa bado kijana, na alihubiri kwa ukali kwamba mvivu asimlaumu mtu kwa njaa yake. Baada ya ibada, akina mama wanaouza omena walipanga foleni kumshukuru, wengine wakilia. Rachael, kiongozi wa kwaya, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pasta, hakuna aliyewahi kutuambia kwamba Mungu anaona vile tunahangaika," alisema.

Mchungaji hakukumbuka kusema neno kama hilo. Alimfuata Dolphine nje, akamkuta akirundika viti.

"Dada Dolphine, umetafsiri nini leo?"

"Ulichotaka kusema, Pasta."

"Na nilichosema?"

"Hicho nimekiacha kwa Kiswahili."

Tangu siku hiyo Mchungaji alizitayarisha hotuba zake kwa uangalifu zaidi, na Dolphine akawa mtu wa nyumbani kwake, wa kuingia jikoni bila kubisha na kufunua sufuria bila kuuliza.

Dolphine alipolazwa hospitalini mjini, alimwomba Mchungaji jambo moja tu. Alitaka kuzikwa karibu na mama yake, ndani ya ua wa nyumbani kwao.

Halikuwa ombi dogo. Dolphine alikuwa ameolewa kijijini kwingine, ndoa ikamshinda, akarudi. Na kwa desturi ya kwao, binti aliyeolewa akarudi hazikwi ndani ya boma la baba yake. Hupitishwa kwenye pengo lililokatwa uani, si langoni, akalazwa nje. Dolphine aliyajua hayo kuliko Mchungaji. Alimwomba hata hivyo, na Mchungaji akamwambia, "Nitawaambia."

Ijumaa alipofika Usenge alikuta kaburi limeshachimbwa, nje, upande wa shamba la mtama. Ua wa boma ulikuwa wa minyaa iliyopandwa na marehemu baba mtu, minene, na pengo lilikuwa limeshakatwa. Utomvu mweupe ulikuwa bado unadondoka.

Mwenye boma sasa alikuwa Odongo, pacha wa Dolphine. Alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti kivulini na soda ya baridi.

"Pasta, wewe ni *jadak*, mtu wa kuja," Odongo alimwambia bila ubaya. "Tunakupenda, lakini kuna mambo yetu. Nikimlaza Apiyo ndani, nani ataoa binti zangu? Wakwe wa yule mkubwa watakuwa hapa kesho, wanaangalia kila kitu."

"Nyumba hii nimeegemea, Bwana Odongo, ilijengwa na nani?"

"Na yeye. Hata mabati ni yake. Ndiyo maana nimemchukulia jeneza lenye kioo."

"Aliniomba niwaambie."

"Umeniambia. Kesho msifu mpaka jasho likutoke, hata mimi nitafurahi. Lakini ukigusa habari ya ua mbele ya wakwe zangu, fundi anazima mitambo."

Mchungaji alikubali. Alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe: atamsifu Dolphine kiasi kwamba wazee wenyewe wataona haya kumtoa nje. Aliamini sifa hizo zilikuwepo, na zilikuwa nyingi.

Kwa hiyo Jumamosi, kwaya ilipoketi na fundi alipompa ishara, alishika kipaza sauti akaanza.

"Ndugu zangu, tumekuja kumsindikiza dada yetu Dolphine."

Akanyamaza, kwa mazoea tu. Alikuwa tayari anajilaumu kwa kusahau kuomba mkalimani mwingine, pale sentensi ilipotoka ndani ya jeneza, kwa Dholuo, kwa sauti ya Dolphine, safi ila kavu kidogo kwa sababu ya mbao. Kwenye kidirisha cha kioo, ambacho kitambaa hakikukifunika, midomo yake haikutikisika. Alikuwa amefariki tangu wiki iliyopita.

Wazee walisogeza viti mbele ili wasikie vizuri. Rachael alimwinamia jirani yake.

"Mimi nilijua tu. Hawezi kumwacha Pasta ahangaike mbele ya wageni."

Mchungaji akaendelea, akiwa na raha zaidi.

"Dolphine alikuwa mpole, hakuwahi kumkasirikia mtu."

"Dolphine alikasirika mara nyingi," jeneza likatafsiri, "hasa na watu wa sauti ya pili kwenye kwaya, ambao hufika ibada ikiwa imefika nusu."

Watu walicheka. Sauti ya pili walitazama viatu vyao.

"Alikuwa nguzo ya kanisa letu."

"Alifagia, alipika, aliosha wagonjwa, akasimama kutafsiri akiwa na njaa. Nguzo haifanyi hata moja ya hayo."

"Amina!" akina mama walijibu, na mmoja wao akapiga kigelegele kirefu kilichowafanya mbwa wa boma wasimame.

Mchungaji alitoa jasho kama alivyoagizwa. Alisimulia jinsi Dolphine alivyolala sakafuni kwa wajane wapya mpaka wakapata usingizi. Alisimulia jinsi alivyowafuata vijana wa bodaboda stejini na kuwasomea zaburi huku wakingoja abiria, mpaka mmoja wao leo ni mzee wa kanisa. Kila sentensi ilikwenda kwa Kiswahili na kurudi kwa Dholuo ikiwa imepungua sukari na kuongezeka uzito. Hakuwahi kuhubiri vizuri namna ile. Aliwatazama wazee, akaona mmoja wao akifuta jicho, na hesabu yake ikaanza kuonekana kama itatoa jibu.

Ndipo akafika mahali palipomtisha, akaamua kupapita pembeni.

"Na leo," alisema, "tumemrudisha nyumbani kwa baba yake."

Akanyamaza. Jeneza nalo likanyamaza.

Mchungaji aliujua ukimya ule. Ulimjia kila mara aliposema asichokusudia. Aliinama akalisawazisha koti lake, akangoja.

"Mchungaji anasema," sauti ikaja polepole, "kwamba niliomba kulazwa karibu na mama, ndani ya ua, nikamtuma yeye awaambie. Anasema kaburi limechimbwa penye mtama. Anasema anaona aibu kusimama hapa akinisifu, na nyuma yangu kuna pengo."

Odongo alimwinulia fundi mkono. Fundi akazima mitambo. Sauti iliendelea kama kawaida, kwani haikuwa imepitia kwenye mitambo. Dolphine hakuwahi kuhitaji kipaza sauti.

"Odongo, nilikutangulia kuzaliwa. Mimi ndiye nilifungua mlango, wewe ukapita. Sikukwambia uzunguke nyuma."

"Najua, Apiyo," Odongo alijibu. Alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Lakini nina mabinti."

"Hao mabinti nani aliwasuka nywele?"

"Ni wewe."

Wakwe, waliokuwa wameketi mstari wa pili, walikunywa soda zao wakitazama mbele.

Mzee Okinyi, mkubwa wa ukoo, alisimama akavua kofia. Alilihutubia jeneza kwa adabu, kama mtu anavyomhutubia mgeni aliyetoka mbali.

"Apiyo, binti yetu, tumekusikia. Umeongea vizuri, kama kawaida yako."

"Asante, Mzee."

"Lakini hii kitu si yako peke yako. Hata dada yangu mimi tulimlaza nje, na alikuwa mtu mzuri sana."

"Mlimuuliza anataka nini?"

Mzee Okinyi alifikiri. "Hakusema," alijibu. "Yeye hakuwa mkalimani."

Mchungaji aliweka chini kipaza sauti kilichozimwa. Hakuwahi kuhubiri kwa Dholuo. Aliielewa yote, lakini akiizungumza, watoto wa shule ya Jumapili walijificha chini ya mabenchi wakicheka. Alivuta pumzi akasema kwa Dholuo, kwa sauti ya mtu anayebeba sufuria ya moto, kwamba huyu mwanamke alale ndani. Kwamba yeye Walubengo amekula kwenye mikono yake, na mikono hiyo haina kosa. Kwamba desturi inayomlaza mjenzi nje ya nyumba aliyoijenga, yeye kama mchungaji haibariki. Alikosea mahali pengi. Hakuna mtoto aliyecheka.

Alipomaliza, jeneza lilitafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni waliotoka mjini.

"Mchungaji anasema, tafadhali."

Akina mama wa Manyatta walisimama wote pamoja. Mchungaji alisimama wima, shingo imenyooka, kama mtu anayepokea cheti. Hakuwahi kutafsiriwa vizuri zaidi.

Wazee walisogea nyuma ya tangi la maji wakashauriana. Walishauriana kwa haki. Kila mmoja alipewa nafasi ya kusema, na wawili walisema alale ndani. Kisha Mzee Okinyi alirudi akavaa kofia yake.

"Tumefurahi sana na hotuba," alitangaza. "Zote mbili. Tutamlaza pale tulipochimba."

Wanaume walilibeba jeneza wakalipitisha kando ya kaburi la mama yake, lenye saruji na vigae vya buluu ambavyo Dolphine mwenyewe alivileta kutoka Kisumu. Hapo sauti iliwaomba wasimame kidogo, nao wakasimama. Alisema na mama yake maneno machache ambayo hakuyatafsiri, na hakuna aliyeuliza. Kisha wakaenda penye pengo.

"Polepole, minyaa inachafua kitambaa," alisema, na mbebaji wa mbele akaomba radhi.

Walimshusha penye mtama. Mchungaji alisema mavumbi kwa mavumbi, na tafsiri ikatoka chini, ikizidi kuwa hafifu kila beleshi liliporudi. Udongo ulipojaa, ilisikika kama mtu anayezungumza chumba cha pili, lakini hakuna neno lililopotea. Rachael alisimama karibu na Mchungaji, upande wa kulia, akiiacha nafasi ya kushoto.

"Umeona watu, Pasta? Hata wale wa kanisa zingine wamesikia mtu wetu."

"Nimeona," alisema Mchungaji.

"Hawana mwingine kama yeye hawa. Hata Bondo nzima."

"Hata Kenya," Mchungaji alisema.

Chakula kilipakuliwa ndani ya boma. Odongo mwenyewe alikuja kumshika Mchungaji mkono, akamwingiza na kumketisha penye meza ya wakwe, akamwomba abariki. Mchungaji alisimama. Alishukuru kwa Kiswahili kwa ajili ya samaki na ugali, kwa mikono iliyopika, na kwa rafiki aliyemfundisha kusema. Akanyamaza.

Tafsiri ilikuja kutoka ng'ambo ya ua. Ilichelewa kidogo, kwa sababu ya umbali.

Odongo alikuwa ameshafika penye pengo na fungu la matawi mabichi ya minyaa, kwa kuwa pengo la namna hiyo huzibwa siku ileile, na tawi la mnyaa hushika mizizi upesi. Alisimama, tawi la mwisho mkononi, akangoja dada yake amalize. Alipomaliza, Odongo aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko watu wote. Kisha akalichomeka lile tawi, akalikanyagia udongo vizuri, akaenda kunawa mikono.