Kwa Nini Tulimnyima Malang Kura

Malang Kujabi alitaka udiwani ili aitwe Mheshimiwa na, kwenye sherehe za kumpa mtoto jina, akaribishwe kiti cha mbele badala ya mkeka. Hakutuficha. Mkewe alikwisha kumshonea kanzu ya kuapishwa. Lakini siku ya mkutano, pale uwanja wa shule, alisema wanavyosema wote: "Nagombea ili niwe mtumishi wenu!"

Mimi ni Mserere, yeye Mjola. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, kila upande ukiuita mwingine watumwa wake. Nikainuka palepale.

"Mjola wee, hatimaye umekiri mwenyewe! Basi kesho uje unitwangie mtama."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Naye angefanyaje? Mtani hakataliwi, na anayenuna ndiye ameshindwa. Kulipokucha akaja, akatwanga, jasho likimtiririka hadi ndevuni.

Kosa lake ni kwamba alitwanga vizuri. Kufika mchana majirani walikuwa wamepanga foleni.

"Kaka Malang, mtumishi wetu, paa langu linavuja."

"Baba Malang, mbuzi wangu haonekani tangu juzi."

Akaezeka, akatafuta. Akachota maji, akachimba choo cha imamu, akawa anamwogesha mzee Tombong kila Ijumaa. Mpinzani wake, Bakary Sanyang, hakumsalimia hata mtu mmoja. Alishinda kwake akila wali wa samaki na kuwafokea watoto wa watu.

"Siga," Malang akaniambia, "hicho kiti nimeshakikalia."

"Umekikalia, mtumwa wangu. Ila maliza ua wangu kwanza."

Siku ya kura tuliingia mmoja mmoja, kila mtu na gololi yake, kila mgombea na pipa lake lenye picha. Gololi ikidondoka ndani, kengele inalia: ting! Malang alikaa ng'ambo ya barabara akiitikia kila mlio kwa kichwa, kana kwamba yote ni yake.

Jioni gololi zikapangwa kwenye mbao zenye matundu. Za Bakary zilijaza mbao mbili. Za Malang zilikuwa mbili: yake na ya mkewe.

Asubuhi akanijia, macho mekundu. "Siga, niliwakosea nini?"

"Hukutukosea kitu, ndugu yangu. Ukienda kwenye vikao vya madiwani huko mjini Brikama, nani atatuchotea maji? Bakary hapa hana kazi. Tumempeleka huko ili tupumue."

"Kwa hiyo kiti ni cha asiyefaa?"

"Kwani wewe ulidhani ni cha nani?"

Akafikiri kidogo. Kisha akajilaza kwenye benchi langu, akafumba macho. Mara mke wa mzee Tombong akaja mbio.

"Malang! Punda wetu katumbukia shimoni, njoo haraka!"

Hakusogea. Nikamsukuma bega. "We Mjola, husikii unaitwa?"

"Niacheni," akasema bila kufumbua jicho. "Nagombea."